Kublai na mdogo wake Ariq Boke, nani alikuwa na haki ya kiti cha Wamongolia?

KitindaWaKibosho (Moshi)

Habari za usiku wakuu. Nina swali la historia limenikaa kichwani karibu wiki mbili sasa, najua humu kuna watu wamesoma, naombeni mnisaidie.

Mimi ni kitinda mimba. Kwetu Kibosho mila inajulikana, wakubwa wanatafutiwa sehemu zao wanaenda kujenga, kitinda mimba anabaki na nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la ukoo, cha pale pale, migomba, kahawa, makaburi ya wazee, vyote anavitunza yeye. Baba alitutoka mwezi wa nne na tangu tumalize matanga kaka yangu wa pili, ambaye maisha yake yote yuko mjini, anasema ile nyumba aliijenga yeye kwa hela yake kwahiyo neno la mwisho ni lake. Sijaja kuanika mambo ya nyumbani, nasema tu mjue kwanini hii habari imenishika hivi.

Sasa juzi napogoa kahawa huku nasikiliza historia ya Wamongolia kwenye simu, nikasikia kumbe hata wao kitinda mimba ndo alikuwa anarithi moto wa baba. Genghis Khan alivyokufa 1227, Tolui ambaye ni wa mwisho kwa mke mkubwa ndo akabaki na ardhi ya nyumbani na sehemu kubwa kabisa ya jeshi. Nikaweka mkasi chini nikakaa. Alafu Tolui naye akawa na watoto wanne kwa mke wake mkubwa, Mongke, Kublai, Hulegu na huyu Ariq Boke ambaye ndo wa mwisho. Mongke akawa mfalme mkuu, akaenda kupigana China akafia huko huko 1259. Ariq Boke alikuwa ameachiwa nyumbani, Karakorum, mji wao mkuu. Kublai akajitangaza mfalme akiwa kule kule upande wa China, na mdogo wake akatangazwa nyumbani, wakapigana miaka minne na Kublai akashinda.

Maswali yangu mawili. Kwa sheria zao wao wenyewe, siyo kwa sheria ya aliyeshinda, nani alikuwa na haki? Na la pili, ni kweli kwamba huu ugomvi wa ndugu ndo uliofanya wasifike Misri? Kuna jamaa hapa kijiweni ananibishia kila siku, anasema walizuiwa na jeshi la Misri basi, hakuna kingine.

---

Mwl_Mstaafu_Sanawari (Arusha)

Mwanangu pole sana kwa msiba, Mungu ampumzishe mzee. Swali lako ni zuri mno, nimefundisha historia miaka mingi na sijawahi kuulizwa hivi.

Kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi wanavichanganya. Wamongolia walikuwa na moto na walikuwa na kiti. Moto ni boma la baba, malisho ya nyumbani, wake wa baba, walinzi wake, na huo ni wa kitinda mimba, hapo umeelewa vizuri kabisa na inafanana na kwenu kwa namna ya kushangaza. Rashid al-Din, waziri na mwanahistoria wa Uajemi aliyeandika mwanzoni mwa miaka ya 1300, anataja kwamba katika askari 129,000 wa Genghis Khan, 101,000 walienda kwa Tolui. Lakini kiti hakikwenda kwa Tolui! Kiti kilikwenda kwa Ogedei, mtoto wa tatu, kwasababu wakubwa wawili walikuwa hawaivi, Chagatai alikuwa anamwita Jochi siyo damu yao, maana mama yao Borte aliwahi kutekwa na Wamerkit na Jochi akazaliwa baada ya kurudishwa. Baba akaona nikimpa mmoja kati ya hawa wawili nyumba inaungua, akamchagua wa katikati mwenye moyo mkunjufu. Na hata chaguo la baba halikutosha, ilibidi watoto na wajukuu na wakuu wa jeshi wakutane kwenye mkutano wao mkuu unaitwa kurultai, Ogedei akathibitishwa 1229, miaka miwili baada ya baba kufa, na hiyo miaka miwili yote Tolui ndo alikuwa anashikilia.

Kwahiyo Ariq Boke kuwa kitinda mimba kulimpa Karakorum, kulimpa familia ya marehemu na mawaziri wake, ila hakukumpa kiti. Kiti kinatoka kwenye kurultai peke yake, na kurultai ili iwe halali inatakiwa ifanyike nchi ya nyumbani na nyumba zote za ukoo ziwe na watu wao pale.

Sasa angalia kila mmoja alifanya nini. Kublai aliitisha ya kwake mwezi wa tano 1260 huko Kaiping, mji wake mwenyewe alioujenga upande wa China, ule ambao baadae uliitwa Shangdu. Walikuja wakuu wa jeshi lake na wana wa ukoo wachache tu. Ariq Boke akafanya ya kwake muda mfupi baadae huko nyumbani, na kwake walikuwepo mke wa Mongke, watoto wa Mongke, mawaziri wa Mongke, na wajukuu wa nyumba za Chagatai na Ogedei. Ukinibana niseme kwa utaratibu wao nani alikuwa karibu zaidi na haki, nasema Ariq Boke, na nasema bila kusita. Vitabu vingi vinamwita mwasi kwasababu vimeandikwa chini ya utawala wa Kublai au wa uzao wa Hulegu, na Hulegu alikuwa upande wa Kublai.

Lakini Kublai alikuwa na chakula. Hapa ndo vita iliisha kabla haijaanza. Karakorum ni mji uko katikati ya nyasi, haulimi wa kuutosha, nafaka ilikuwa inaletwa na mikokoteni kutoka China kila siku. Kublai akafunga ile njia, na bei ya chakula ikapanda mpaka watu wakaanza kufa njaa. Ariq Boke akamtuma mjukuu wa Chagatai anaitwa Alghu aende Asia ya Kati akashike nchi na amletee nafaka na silaha, Alghu akafika, akakusanya kodi, wajumbe wa Ariq Boke walipokuja kuchukua akawaua na mali akabaki nayo. Ikabidi Ariq Boke aache kupigana na kaka yake aende kupigana na mtu aliyemtuma mwenyewe. Baridi ikamkuta bonde la Ili, farasi wanakufa, watu wanakufa, na wakuu wake mmoja mmoja wakaanza kumkimbia kwenda kwa Kublai.

1264 akaenda mwenyewe kujisalimisha. Rashid al-Din anasimulia kwamba kwa mila yao mkosaji anayeomba msamaha anafunikwa na pazia la mlango wa hema, anasimama chini yake mpaka aruhusiwe, na Ariq Boke akasimamishwa hivyo. Wewe wa Kibosho nadhani hapa unaona sale, lile jani lenu la kuombea msamaha. Alivyoingia, Kublai akamwangalia muda mrefu, akalia, na mdogo wake akalia. Kublai akamuuliza, ndugu yangu, katika huu ugomvi nani alikuwa na haki, sisi au ninyi? Ariq Boke akajibu kwamba wakati ule ilikuwa yetu, leo ni yenu.

Hilo ndo jibu la swali lako la kwanza, na amelitoa mwenyewe.

---

BodaSoweto_Moshi

Mwalimu heshima yako ila mimi namtetea Kublai. Mwaka 1259 wakati kaka yao anakufa Kublai alikuwa vitani anaelekea mto Yangtze, na akauvuka kabisa, yuko kazini. Mwenzie amekaa nyumbani anaita askari. Mtu akipata habari mdogo wake anakusanya jeshi nyumbani kaka hajazikwa vizuri afanye nini, akae tu?

---

MamaWawili_Njiro (Arusha)

Shikamoo mwalimu. Pole mdogo wangu wa Kibosho.

Naomba niseme kitu maana naona mmeanzia kwa wanaume mnaenda kwa wanaume. Huo ugomvi wa 1260 huwezi kuuelewa bila kujua mama yao, Sorghaghtani Beki. Tolui alikufa 1232, akamwacha na watoto wanne wa kiume. Ogedei akataka amwozeshe kwa mwanae Guyuk, yaani aolewe na mtoto wa shemeji yake, na mali yote ya Tolui pamoja na lile jeshi vingehamia nyumba ile kimya kimya. Akakataa kwa adabu, akasema kazi yangu ni kulea hawa watoto mpaka wawe watu. Akatulia miaka karibu 20. Alikuwa Mkristo wa kanisa la Nestori na bado akatoa fedha nyingi ijengwe madrasa Bukhara, mnaona akili hiyo? Hakuna dini wala nyumba aliyogombana nayo.

Wakati yeye ametulia wenzie wanachomana. Ogedei alikufa mwezi wa 12 mwaka 1241, alikuwa ameshasema anataka mjukuu wake Shiremun arithi. Mjane wake Toregene akasema hapana, atakaa mwanangu Guyuk, na akaushika utawala mkononi mwake mpaka 1246 anabembeleza mmoja mmoja mpaka Guyuk akakubaliwa. Guyuk hakudumu hata miaka miwili. Alikuwa na uhasama mkubwa na Batu wa nyumba ya Jochi, 1248 akaanza safari ya kuelekea magharibi na jeshi, na huyu mama Sorghaghtani akatuma mtu kwa siri amwambie Batu jiangalie, huyu anakuja kwako. Guyuk akafia njiani. Hapo Batu akawa na deni kwa mama, na deni lile akalilipa 1251, Mongke alipata kiti kwa nguvu ya Batu.

Na hapa ndo naumia kila nikisoma. Baada ya Mongke kukaa wakasema wametambua njama, wakawaua wana wa nyumba ya Ogedei na ya Chagatai na watu wao kwa wingi sana. Oghul Qaimish mjane wa Guyuk akahukumiwa, akafungwa ndani ya zulia la manyoya akatupwa mtoni. Mjane mwenzake Sorghaghtani! Wote walifiwa na waume, wote walikuwa wanapigania watoto wao, mmoja akaishia mtoni na mwingine akafa 1252 kwa heshima zote, mama wa wafalme.

Miaka minane tu baada ya kumzika wanae wakaanza kutafutana kwa mikuki. Siwezi kuthibitisha ila moyoni naamini angekuwa hai isingefika kule, maana aliweza kuwaunganisha wakiwa hawana kitu, angeshindwaje wakiwa na dunia nzima.

---

AbuuPasua (Moshi)

Assalam aleykum wote. Nadhani mimi ndo niko upande wa huyo jamaa wa kijiweni kwahiyo nimtetee kidogo.

Hulegu alitumwa na kaka yake Mongke kuja magharibi, akaibomoa ngome ya Alamut huko Uajemi 1256, akaingia Baghdad mwezi wa pili 1258 na khalifa al-Musta'sim akauawa, ukhalifa uliokaa pale miaka 500 ukaisha ndani ya wiki chache. Januari 1260 Aleppo imeanguka, Machi Damascus. Imebaki Misri. Na Misri yenyewe hali ilikuwa mbaya maana huko nako ni kiti kimegombaniwa miaka 10 mfululizo, sultani al-Salih Ayyub alikufa 1249 Wafaransa wakiwa wameshashika mji wa Damietta huko huko Misri, mjane wake Shajar al-Durr akaficha kifo mpaka mtoto Turanshah afike, Turanshah akauawa na askari wa baba yake 1250, Shajar al-Durr akakaa kwenye kiti siku kama 80 kwa jina lake mwenyewe, akaolewa na mkuu wa jeshi Aybak akamwachia kiti, 1257 akamuua Aybak bafuni, yeye naye akauawa siku chache baadae. Mtoto wa Aybak akawekwa, kijana mdogo, jemadari Qutuz akamtoa mwishoni mwa 1259 akasema adui huyu anataka mtu mzima.

Huyo Qutuz alipoletewa barua ya Hulegu aliwaua wajumbe na vichwa vyao vikatundikwa lango la Zuweila pale Cairo. Mnajua Wamongolia mjumbe wao akiuawa wanafanya nini, alishafunga mlango wa kurudi nyuma yeye mwenyewe. Akatoka nje ya Misri akawafuata, tarehe 3 Septemba 1260 wakakutana Ain Jalut, Palestina. Mwanzoni ubavu wa Waislamu ulipasuka, Qutuz akavua kofia ya chuma watu wamuone uso, akaingia mwenyewe. Jenerali wa Wamongolia Kitbuqa akauawa.

Ni kweli Hulegu alikuwa ameshaondoka na sehemu kubwa ya jeshi baada ya kusikia habari za kifo cha Mongke, Kitbuqa aliachiwa jeshi dogo, hilo silikatai. Lakini msiwanyang'anye wale watu ushindi wao. 1281 Wamongolia walirudi na jeshi kubwa kweli kweli mpaka Homs huko Syria, sultani wa Misri Qalawun akawapiga tena. Hapo hapakuwa na msiba wa mfalme wa kuwasaidia, ni kazi ya mikono.

Ila kitu kimoja nampa kitinda mimba ushindi. Kwanini Hulegu mwenyewe hakurudi kulipa kisasi? Sababu ni binamu yake Berke, mtawala wa nyumba ya Jochi huko Urusi, alikuwa amesilimu, na mwaka 1262 vita ikaanza kati yao. Baybars, jemadari wa Misri ambaye alikuwa amemuua Qutuz njiani wakirudi kutoka Ain Jalut na kuchukua kiti, akafanya urafiki na Berke, wakawa wanatumiana mabalozi. Mmongolia na Misri dhidi ya Mmongolia. Na kwenye vita ya Kublai na Ariq Boke, Hulegu alikuwa wa Kublai na Berke alimwelekea Ariq Boke, kwahiyo ugomvi wa Karakorum ulifika mpaka Bahari ya Kaspi.

---

Ngombe_za_Meserani (Arusha)

Mimi sikusoma sana historia ila nafuga tangu utoto na kila wiki niko mnadani, kuna kitu kwenye hii stori hamkigusi kabisa na mimi kinaniuma kukiona kimeachwa. Majani.

Askari mmoja wa Kimongolia alikuwa na farasi kadhaa, wengi wanasema kama watano, na wana kondoo wanaofuata jeshi. Hesabu watu elfu 60 tu. Farasi laki 3. Sasa mfugaji yeyote wa huku aniambie, farasi laki 3 Syria mwezi wa saba wanakula nini? Mito midogo, majani yamekauka, joto. Sisi ng'ombe mia tatu tu kiangazi kikishika tunahama usiku. Na siyo mimi nasema, Hulegu mwenyewe mwaka 1262 alimwandikia barua mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa, akaeleza aliondoa jeshi Syria kwasababu malisho na chakula viliisha. Hakuandika msiba wa kaka. Wanahistoria wanabishana mpaka leo kipi kilikuwa na uzito, msiba au majani, kwa mimi vyote viwili, ila msiba bila kiangazi angeweza kuacha jeshi kubwa zaidi nyuma.

Na hiyo vita ya Hulegu na Berke, AbuuPasua umesema vizuri mambo ya dini na Baghdad, ila waligombania nini ardhini? Malisho ya Arran na Mughan, kusini mwa milima ya Caucasus, nyasi nzuri za kipupwe. Nyumba ya Jochi ilisema zile ni zetu tangu Genghis Khan, Hulegu akaweka mifugo yake pale. Ndugu wawili hawapigani kwa ajili ya mtume au khalifa peke yake kama hakuna mahali pa kunyweshea.

Na kule kwa Ariq Boke ni hivyo hivyo. Mwalimu amesema farasi walikufa bonde la Ili. Mfugaji farasi wakifa ameshashindwa, hata kama ana haki ya kurultai mia.

---

MamaWawili_Njiro

Kaka wa Meserani nimekuelewa sana, kuhusu 1242 je? Jeshi la Batu lilishawapiga Poland na Hungaria mwezi wa nne 1241, ndani ya siku mbili tatu Legnica na Mohi, afu 1242 wakageuza. Huwa tunafundishwa ni sababu ya kifo cha Ogedei.

---

Ngombe_za_Meserani

Dada pale sina uhakika wa kukuambia ni majani tu. Ila tambarare ya Hungaria ni ndogo kwa jeshi lile, hilo nakuhakikishia kwa kuangalia ramani. Na Batu hakwenda hata kwenye kurultai ya Guyuk 1246, alisema anaumwa miguu. Kama angerudi kwa ajili ya msiba angefika msibani.

---

KitindaWaKibosho

Dah wakuu sijui niseme nini, nimesoma zote mara mbili na nyingine nimemsomea mama kwa sauti jikoni. Hiyo ya kufunikwa na pazia la mlango mwalimu, mama alinyamaza kabisa, akasema hao ni watu kama sisi. Kwetu mtu akikuletea jani la sale huwezi kumkataa hata kama amekuumiza vipi, na nimebaki nawaza Kublai alilia kwasababu alikuwa anaona haya au kwasababu alimpenda mdogo wake, au vyote.

BodaSoweto ndugu yangu nimekusikia pia, nimekubali kwamba Kublai alikuwa kazini, hilo nilikuwa silioni kwasababu nalitazama kutoka upande wangu mimi niliyebaki nyumbani. Kaka yangu kweli hela alitoa. Mabati ni yake, sakafu ni yake. Na mimi nilimuogesha baba miaka mitatu. Sijui hivi vitu vinapimwa kwa mzani gani.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Naomba mwalimu uniambie kitu kimoja cha mwisho, baada ya kusamehewa ilikuwaje, na watoto wa Ariq Boke waliishia wapi?

---

Mwl_Mstaafu_Sanawari

Mwanangu, Kublai hakumuua. Washauri wake waliuawa, akiwemo Bolghai, waziri mzee aliyekuwa amemtumikia Mongke, ila mdogo wake akabakizwa. Kublai hakutaka kumhukumu peke yake, akatuma wajumbe kwa wakuu watatu wa ukoo, Hulegu huko Uajemi, Berke huko Urusi na Alghu Asia ya Kati, aulize wao wanasemaje, waje wakae kikao. Kikao hakikufanyika kamwe. Hulegu akafa 1265, Alghu na Berke nao ndani ya muda mfupi, mpaka 1266 wote watatu wameshakufa. Na Ariq Boke mwenyewe akaugua akafa mwaka huo huo 1266, wapo walionong'ona sumu. Kublai akabaki na kiti na hakuna kikao cha ukoo mzima kilichowahi kumwambia ni halali yako. Alitangaza utawala wa Yuan 1271, akamaliza kuichukua China yote 1279, akafa 1294, na hiyo miaka yote upande wa Asia ya Kati alikuwa anapigana na Kaidu, mjukuu wa Ogedei.

Na huyu Kaidu alikuwa na hoja ambayo hatujaizungumza, kwamba siyo Kublai wala Ariq Boke aliyekuwa na haki, kwasababu wana wa ukoo walikuwa wameapa kiti kisitoke nyumba ya Ogedei, na kile kilichofanyika 1251 ambacho MamaWawili amekieleza kwa uchungu, kilikuwa ni kuchukua tu. Ukikubali hoja yake basi Mongke mwenyewe hakuwa halali na hawa wadogo zake walikuwa wanagombania kitu ambacho siyo cha baba yao. Mimi binafsi naona Kaidu alikuwa na pointi kubwa na vitabu vya shule havimtendei haki. Alipigana mpaka alipokufa 1301.

Watoto wa Ariq Boke waliishi. Mmoja, Melik Temur, alienda kujiunga na huyo Kaidu dhidi ya baba yake mkubwa. Uzao wao ukaendelea kimya kimya kule nyikani, Yuan ikaja ikaanguka China 1368, wafalme wa uzao wa Kublai wakarudi kuishi kwenye nyasi za nyumbani. 1388 mfalme wao Togus Temur alipigwa na jeshi la Wachina, akakimbia kuelekea Karakorum na watu wachache, njiani karibu na mto Tuul akakutwa na mtu anaitwa Yesuder. Akamuua na kuchukua kiti. Yesuder alikuwa wa uzao wa Ariq Boke. Imepita miaka 124 tangu lile pazia la mlango.

Jumamosi nenda na mama yako, akae mbele.